Mrejesho: Baba na maumivu ya tumbo kila akila (Lamu)

Assalamu alaikum. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kuhusu baba: nusu saa baada ya kula tumbo linamkaza, akawa anakiogopa chakula, kanzu zinampwaya. Dawa za vidonda vya tumbo tulishazimaliza zote.

Aliyesema tuangalie mishipa ya damu, Mungu akulipe. Tulivuka hadi Mokowe, bara, kisha basi hadi Mombasa. Ultrasaundi ya dopla, ile ya kupima mwendo wa damu, haikuona kitu, gesi tele tumboni iliziba picha. CT skani ya kudungwa dawa ndiyo iliyofichua. Ateri (mshipa wa damu) ya siliaki, inayolisha mfuko wa chakula, ini na wengu, imeziba kabisa. Ile ya mesenteriki ya juu, ya utumbo, imebaki tundu la sindano.

Hii ya pili wakaiwekea stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa uwe wazi. Ya siliaki waya ulikataa kupita, wakaiacha.

Sasa sahani ya wali wa nazi anaimaliza, polepole. Akizidisha, maumivu yanarudi kidogo. Kula kidogo kidogo kulimpunguzia tukisubiri, hakukumtibu. Mvuje nao, samahani bibi uliyependekeza, haukufanya kitu. Anameza aspirini kila siku. Sigara kaacha, ananusa tu moshi wa wenzake barazani, mzee huyu!

Ahsanteni sana.