Klebsiella: uzi na usugu

Juma: Shikamooni wote. Shangazi Rehema, nisaidie somo la maabara. Bakteria Klebsiella pneumoniae ikivuta uzi wa utelezi kwenye sahani ya kuoteshea, niandike ni sugu, yaani haisikii dawa?

Shangazi Rehema: Marahaba. Hapana! Uzi ni habari ya ukali, yaani nguvu ya kuleta ugonjwa, usugu ni habari ya dawa. Gusa koloni ya usiku mmoja kwenye agari ya damu, inua kitanzi polepole. Uzi ukizidi milimita 5 ni chanya. Ila zipo zenye uzi zisizo kali, na kali zisizo na uzi. Ndiyo maana wanatafuta jeni za ukali kwa PCR, kipimo cha kunakili DNA: rmpA na rmpA2 za ganda, iucA ya aerobaktini, pia iroB na peg-344.

Juma: Aerobaktini ndiyo nini tena?

Shangazi Rehema: Kinasa chuma. Mwilini chuma cha bure hakipatikani, kimefungwa kwenye protini. Anayekinyang'anya ndiye anayezaana. Mimi iucA naiamini kuliko uzi.

Mjomba Salim: Na hizo jeni nyingi hukaa kwenye plasmidi moja kubwa, kipande cha DNA kinachoweza kuhama kati ya bakteria. Zamani aina kali, ile ya majipu ya ini iliyoandikwa Taiwan miaka ya 1980, ilikubali dawa nyingi; ampisilini tu ndiyo Klebsiella huikataa kwa asili. Balaa ni plasmidi hiyo kuingia kwenye aina sugu ya hospitali. Hangzhou, China, mwaka 2016: ukoo wa Klebsiella uitwao ST11, uliokwishakuwa sugu kwa kabapenemu (dawa kali za akiba kama meropenemu), ukaipata, wagonjwa watano wa mashine za kupumulia wakafariki.

Mama Zawadi: Mungu wangu. Na usugu wenyewe mnaujuaje?

Mjomba Salim: Kwa kipimo cha mCIM, dada, kinachoonyesha kama bakteria anavunja kabapenemu; hakihitaji mashine. Kitanzi cha mikrolita 1 cha bakteria kwenye mililita 2 za TSB, mchuzi wa kuoteshea, tumbukiza diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, nyuzi 35, saa 4. Kisha diski iwekwe juu ya sahani ya Mueller-Hinton iliyopakwa E. coli ATCC 25922, bakteria wa kupimia anayeuawa na meropenemu, ilale hadi kesho. Bakteria akiwa na kabapenemasi, kimeng'enya cha kuvunja kabapenemu, dawa imeshavunjwa, E. coli inaota mpaka karibu na diski. Duara tupu lisiloota kuzunguka diski likiwa la milimita 6 hadi 15 ni chanya, 19 na zaidi ni hasi.

Shangazi Rehema: Wanakosea hapa: wanachukua kitanzi cha mikrolita 10, hicho ni cha Pseudomonas. Au diski inaelea badala ya kuzama. Ukiitoa, iburute kwenye ukingo wa tyubu ikamuke.

Juma: mCIM ikiwa hasi lakini bakteria anaikataa meropenemu?

Shangazi Rehema: Inawezekana kabisa. Bakteria amepoteza "porini", yaani milango ya kupitishia dawa, na ana ESBL, kimeng'enya kingine cha kuvunja dawa. Usimwite mzalisha kabapenemasi.

Mjomba Salim: Ikiwa chanya, rudia sambamba na tyubu yenye EDTA, kemikali inayonasa zinki, mikrolita 20 za molari 0.5. Duara likiongezeka milimita 5 au zaidi, ni kundi la NDM, kabapenemasi zinazotegemea zinki. Hapo dawa ya seftazidimu-avibaktamu haitasaidia, ingawa kwa kabapenemasi nyingine, KPC na OXA-48, inafaa. Daktari anataka jibu hilo, si neno "sugu" peke yake.

Mama Zawadi: Na wodini?

Shangazi Rehema: Mgonjwa apewe chumba chake; wahudumu glavu na aproni, mikono kwa spiriti sekunde 20 hadi 30. Maji ya kumwogeshea yasimwagwe kwenye sinki la kunawia, bakteria hawa huweka makazi kwenye bomba la chini.

Juma: Kontroli je, bakteria wanaojulikana wa kuhakikisha kipimo?

Mjomba Salim: Chanya BAA-1705, hasi BAA-1706, na BAA-2146 kwa NDM. Zote za ATCC, hazina ya bakteria wa maabara.