Austin 1100 imelala kushoto, mbele na nyuma

Kidoti68:
Wakuu, habari zenu. Baba mkwe katuachia Austin 1100 ya 1966, ilikuwa imefunikwa turubai hapa Coventry. Tulipoitoa ilisimama sawa, injini ikawaka. Juzi naamka, imelala kushoto, mbele na nyuma, tairi la nyuma limejificha nusu ndani ya madigadi. Fundi kaniambia ninunue shokomzoba nne. Nimeingia chini na tochi, sioni hata moja. Natafuta pasipo?

MzeeSpana:
Hujapotea, mwanangu. Hazimo. Okoa hela zako.

Kila gurudumu lina kopo la chuma. Ndani mna springi ya mpira na maji yaliyotiwa spiriti yasigande, na humo humo kuna vali za kutuliza mtikisiko. Kopo la mbele kushoto limeunganishwa na la nyuma kushoto kwa bomba moja, kulia vivyo hivyo. Ndiyo Hydrolastic, kazi ya mhandisi Alex Moulton, ambayo Issigonis, mbunifu wa gari hili, aliipa 1100 mwaka 1962. Ukipanda tuta, gurudumu la mbele linasukuma maji nyuma, mkia nao unanyanyuka, gari inapanda yote badala ya kuinua pua peke yake. Kwenye kona makopo mawili ya upande mmoja yanabanwa kwa pamoja, maji hayana pa kukimbilia, mpira unabeba. Kigari cha familia hicho, lakini kwenye kona kinashika kama kupe.

Sasa gari yako imeshuka upande mzima, basi tafuta uvujaji mmoja, si miwili. Anza na bomba la chini. Langu lilitoboka pale linaposhikwa na klipu, kitundu cha ncha ya sindano, kutu imekifunika. Pua ndiyo iliyokiona: harufu ya spiriti ilinifikia kabla sijashika unyevu. Bomba likiwa kavu, kagua paipu ya mpira inayoingia kwenye kopo. Kopo lenyewe liache la mwisho, kulitoa ni jasho.

BintiGrisi:
Naongeza: ukiwa huko chini, gonga fremu ndogo ya nyuma, ile inayobeba magurudumu, kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama debe, sawa. Ikilia kama boksi la karatasi, imeliwa na kutu, hapo hilo bomba ni tatizo dogo. Na oili usicheleweshe, gia zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini.

Kidoti68:
Nimeikuta! Klipu ya pili kutoka nyuma. Harufu kweli, mke wangu kauliza nani kamwaga dawa ya kidonda. Fremu imelia debe. Je, nikishabadili bomba, pampu ya tairi itatosha kuijaza?

MzeeSpana:
Thubutu! Hiyo inajaza upepo, wewe unataka maji, tena kwa presha kubwa. Kwanza unavuta hewa yote itoke, ndipo unasukuma maji. Tafuta mwenye pampu yake maalumu, kisha pima kimo kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Usikadirie kwa jicho.