Logi zinafurika kwenye seva, nikate ngazi ya ngapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina ruta na swichi za Cisco, zote zinatuma logi (ujumbe wa matukio) kwenye seva moja. Mtu akichomoa tu kebo ya kompyuta, ujumbe huo! Bosi anataka niweke ngazi ya 3 ili yabaki makosa ya kweli tu. Kuna ubaya?

fundi_nyaya: Upo, tena mkubwa. Namba za ngazi zinavyopanda, uzito wa ujumbe unashuka: 0 ni dharura, kifaa hakifai kitu, 7 ni dibagi (ujumbe wa kutafutia hitilafu), porojo tupu. Ukiweka 3 unapata 0 hadi 3, basi. Sasa tazama hii:

%BGP-5-ADJCHANGE: neighbor 10.0.0.2 Down

Hiyo 5 ndiyo ngazi. Jirani wa BGP, yaani ruta nyingine tunayopeana nayo njia za mtandao, kaanguka, pengine tawi zima halina mtandao, na bado inahesabika taarifa ya kawaida. OSPF, itifaki nyingine ya kupeana njia, ni hivyo hivyo. Mtu akiingia kubadili mipangilio utaona %SYS-5-CONFIG_I, nayo ni 5. Vyote hivyo hutaviona. Na kinachochekesha, kebo ikichomolewa inakuja %LINK-3-UPDOWN. Ngazi ya 3! Kelele unayoikimbia ndiyo itakayobaki.

Mwenye uzi: Duh. Sasa nifanyeje?

swichi_kuu: Kelele izime kule inakotoka. Kwenye poti za watumiaji andika `no logging event link-status`. Poti zinazounganisha swichi kwa swichi usiziguse kabisa. Halafu, kwa logi zinazokwenda kwenye seva, andika `logging trap 5` kwenye ruta na swichi zenyewe. Usipoandika kitu, ruta inatuma hadi 6.

fundi_nyaya: Naunga mkono. Na saa je? Bila NTP (inayolinganisha saa za vifaa) na `service timestamps log datetime msec`, huwezi kulinganisha ruta mbili ujue ipi ilianza kulia.

mzee_wa_konsoli: Naongezea. Konsoli (poti ya kukiingilia kifaa kwa waya moja kwa moja) kwa kawaida inamwagiwa hadi ngazi ya 7, na kasi ya waya wake ni bodi 9600 tu. Ukiwasha dibagi kwenye ruta yenye kazi nyingi, inaweza kuganda ikihangaika kuchapa herufi. Mimi huzima kwa `no logging console`, nikatumia `logging buffered`, logi zikae kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya ndani ya ruta.

Mwenye uzi: Kama logi ninazo kwenye seva, bafa ya nini tena?

mzee_wa_konsoli: Seva unaitumia logi kwa UDP 514, sivyo? UDP haihakikishi ujumbe umefika; ukipotea njiani haurudiwi. Njia ya kwenda kwenye seva ikikatika, habari ya kukatika huko utaikuta kwenye bafa ya ruta, kwa amri ya `show logging`. Ila isome kabla hujaiwasha ruta upya, maana bafa inafutika.