Wenye yadi mnaotuuzia magari kwa "nyota tano za wazungu", acheni! Langu limekufa mlima wa Newala

Wakuu salamu. Nimejizuia wiki tatu, leo naandika, maana msimu wa korosho unakuja, watu wa Kusini watashika hela, na hawa hawa walioniuzia mimi watawapata wengine kwa picha zao za kwenye simu.

Mwaka 2023 nilinunua gari kwenye yadi moja Dar. Ni la 2008, giaboksi ya CVT (aina ya otomatiki). Muuzaji hakunifungulia boneti, alinifungulia simu. Akanionyesha orodha ya magari yanayodumu, akanionyesha nyota tano za Ulaya, akasema, "Kaka, hili limeshapimwa na wazungu, wewe kazi yako mafuta tu." Nikatoa milioni 17, hela ya korosho za misimu miwili.

Wiki tatu zilizopita natoka Masasi, mama mkwe amekaa nyuma, napandisha kuingia Newala. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda hadi 4,000, gari linatambaa tu, harufu ya kuungua imejaa ndani. Likasimama. Mama wa miaka 70 amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, kanga kichwani, saa tatu nzima tunasubiri gari la kutuvuta. Hilo sitalisahau.

Fundi wangu wa Magomeni hapa Mtwara akafungua nati ya kumwagia oili ya giaboksi. Imetoka nyeusi, inanuka, na alipoisugua kwa vidole ilikuwa inameta. Vyuma hivyo. CVT haina gia kama tunazozijua, ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili. Mkanda ukianza kuteleza unazisaga puli, na unga wake ndio ule. Halafu akafungua mlango wa dereva, akanionyesha stika ndogo ya kubadilishia oili kwenye nguzo. Kijapani sisomi, lakini namba ni namba: 29, na chini yake 118,400. Fundi anaijua hiyo 29, ni mwaka wa Heisei, yaani 2017. Mimi nilikabidhiwa gari 2023 dashibodi ikisoma kilomita 71,000!

Nikampigia muuzaji. Jibu lake ndilo limenifanya nifungue uzi huu: "Hilo gari linaongoza duniani kwa kudumu, tatizo ni barabara zenu na mafundi wenu wa huko Mtwara."

Sasa tuambiane ukweli. Nyota hizo tano ni za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, nazo ni za ajali. Gari linagongeshwa, wanaangalia aliyemo ndani angeumia kiasi gani. Giaboksi haimo kabisa. Ukimwonyesha mteja nyota hizo ukamwambia gari linadumu, umemdanganya.

Na orodha za kudumu je? J.D. Power, kampuni ya utafiti ya Marekani, inawauliza watu walionunua gari likiwa jipya, nalo limefikisha miaka mitatu. Wanahesabu matatizo kwa kila magari 100, na simu kukataa kuungana na redio nayo inahesabiwa. Consumer Reports, shirika la kutetea wanunuzi, wanawauliza wanachama wao, huko huko Marekani. Noah na Probox zinazotubebea watu na mizigo huku hazikuwahi kuuzwa kule. TÜV, wakaguzi wa magari wa Ujerumani, angalau ripoti yao inafika hadi gari la miaka 12 au 13, lakini wanakagua breki, taa, kutu na uvujaji, hawalipandishi mlima likiwa na abiria. Langu lilikuwa na miaka 15 siku nalinunua. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii. Kwetu linaingia, tunalilipia na ushuru wa uchakavu, halafu tunauziwa kwa alama yalizopewa magari mengine yalipokuwa mapya.

Sisi watu wa korosho tulipaswa kuliona hili mapema. Hakuna anayekulipa daraja la kwanza kwa sababu korosho za Tandahimba zinasifika. Wanachukua sampuli kwenye magunia yako, wanakata, wanaangalia ndani. Gari nalo lina sampuli yake, karatasi ya mnada ya Japani: namba ya chesisi, kilomita za siku ile, gredi (4, 3.5, au R kama liligongwa likatengenezwa), na mchoro wa bodi wenye U palipobonyea na S penye kutu. Haikuhakikishii giaboksi, lakini inazungumzia gari lile lile unalolinunua. Nilipoiomba niliambiwa "imebaki kwa wakala". Nilipaswa kuondoka pale pale, sikuondoka.

NYONGEZA: Kuna mdau anasema hizo taasisi zote zinahongwa. Siamini hivyo. Consumer Reports hawachukui matangazo na magari ya kujaribu wanayanunua wenyewe. Viwanda vinaweza kudanganya, kweli: Desemba 2023 Daihatsu walikutwa wamechezea vipimo vya usalama kwenye aina 64 za magari, baadhi yakiuzwa kwa jina la Toyota, kosa la zamani zaidi ni la 1989. Lakini giaboksi yangu haikuuawa na hilo. Namlaumu anayechukua kipimo cha gari jipya la Mmarekani akakibandika kwenye chakavu langu.

Mdau wa Lindi, wewe lako la aina hiyo hiyo lina miaka saba halijakusumbua, nashukuru kwa ajili yako. Umesema mwenyewe unaweka oili ya CVT kila kilomita 40,000. Aliyekuwa na langu kabla yangu aliweka nini? Ukimimina ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwenye CVT umeiua.

Giaboksi iko chini kwa fundi, imefunikwa gunia. Mtumba nimetajiwa milioni 2.8, bila dhamana. Aliyewahi kurudishiwa hela na yadi kwa sababu ya kilomita zilizorudishwa nyuma, naomba aseme alianzia wapi: polisi, FCC (Tume ya Ushindani) au mahakamani? Stika nimeshaipiga picha, na nimemwambia fundi asiiguse.