Tofauti ya ujinga na upumbavu

Swali (Mzazi, Nakuru): Walimu wangu, mwanangu wa darasa la sita aliandika katika insha kwamba babu yake ni mjinga wa kutumia simu, na sentensi hiyo ikakatwa kwa kalamu nyekundu kuwa ni tusi. Je, mjinga na mpumbavu ni kitu kimoja?

Jibu la 1 (Mwalimu, Kisumu): La, ndugu mzazi. Ujinga ni kutojua jambo, na ndiyo maana wahenga walisema kuuliza si ujinga. Serikali ya Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilitangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, wala hakuna aliyedhani wananchi wanatukanwa, kwa sababu dawa iliyokusudiwa ilikuwa elimu, pamoja na madarasa ya watu wazima tuliyoyaita ngumbaru. Upumbavu umetoka katika kitenzi pumbaa, kama vile ukakamavu ulivyotoka katika kakamaa, nao ni upungufu wa busara, hata kwa mtu aliyesoma.

Jibu la 2 (Mkaazi wa Kakamega): Nakubaliana na Mwalimu kuhusu maana, lakini matumizi nayo yana uzito wake. Huku kwetu ukimwita mtu mjinga sokoni, mtagombana. Mtoto angeandika kwamba babu hajui kutumia simu, nayo heshima ingebaki.

Jibu la 3 (Mwalimu, Kisumu): Ni kweli, hasa kwa mzee. Hata hivyo, mwanafunzi aelezwe sababu ya kukatwa kwa sentensi yake.