Viongozi wa misafara ya pikipiki Nakuru–Kisumu, mkia mmeuacha wapi?

Naanza na hesabu, maana kelele za kwenye WhatsApp kuhusu wanaoachwa nyuma hazijasaidia kitu.

Kiongozi anapanda kutoka Awasi kwenda Kericho kwa kasi ya 80. Anakuta lori linatambaa kwa 20, anaona mwanya, analipita, halafu anaendelea na 80 yake kana kwamba ametoka nyumbani peke yake. Wa mwisho anakwama nyuma ya lori hilo nusu dakika tu. Katika hizo sekunde 30 pengo limefika mita 500. Akitaka kulifunga kwa kasi ya 100, atahitaji sekunde 90 na kilomita mbili na nusu za barabara isiyo na tuta, kona, ng'ombe wala lori la pili. Nionyesheni kipande kama hicho kwenye mlima ule. Na kama wa mwisho ana pikipiki ya cc 150, hiyo 100 mlimani haipo kabisa. Kwa hiyo anafanya mnachomfundisha kila wikendi: anapita kwenye kona, anapita kwenye mstari usiokatika, anaingia Kapsoit sokoni na 90. Halafu mnamlaumu kwamba "hajui kuendesha na wenzake".

Hajui vipi? Nyinyi ndio mliompanga mkiani kwa sababu pikipiki yake ni ndogo na "itatuchelewesha". Mgeni na injini ndogo hukaa nafasi ya pili, mgongoni mwa kiongozi, ambapo kioo kinamwona na kasi inapimwa kwake. Wazoefu wakae nyuma. Anayefunga mkia awe na mashine yenye nguvu ya kuziba pengo, na kichwa cha kutoziba pengo pale pasipofaa.

Kasi nayo haichaguliwi na mwenye injini kubwa. Ikiwa ile 150 inaweza kushikilia 90 mahali tambarare bila kulia, msafara wote uende 75. Hizo 15 zinazobaki ndizo akiba ya mkia. Ukienda 90 pamoja naye umemnyang'anya akiba yote, na tuta la kwanza tu litamwacha.

Sasa kupita magari. Kila mmoja apite kwa macho yake mwenyewe. Huu mtindo wa kiongozi kuupungia mkono msafara mzima "njooni, ni wazi" ukome leo. Barabara iliyokuwa wazi kwake haitakuwa wazi kwa wa nne, maana kabla huyo wa nne hajafika kwenye bampa ya lori, matatu ya kutoka Ahero imeshatokea. Ukishalipita lori, usikanyage breki puani mwake ukijidai unasubiri wenzako. Utamfungia mlango anayekufuata. Endelea na kasi mpaka nyuma yako pawe na nafasi ya wawili kuingia, kisha shuka 60 ukae hapo hapo mpaka taa ya mfunga mkia ionekane kwenye kioo. Haionekani? Tafuta mahali pa usalama nje ya lami usimame.

Jambo la pili linalonikera: mmetazama video za Marekani mkanakili bila kugeuza. Kule wanaendesha kulia, ndiyo maana kiongozi wao hukaa upande wa kushoto wa leni yake, karibu na mstari wa katikati. Sisi tunashika kushoto. Kwa hiyo hapa kiongozi anakaa theluthi ya kulia ya leni, wa pili theluthi ya kushoto sekunde moja nyuma, wa tatu anarudi kulia sekunde mbili nyuma ya kiongozi, na kuendelea. Kwa 80, sekunde moja ni mita 22, mbili ni 44. Mkimweka kiongozi kule ukingoni, haoni mbele ya lori na anayekuja hamwoni yeye, halafu nyote mnashangaa mbona basi limewasukuma kwenye changarawe. Kitu kisichogeuka ni ishara: mkono ni wa kushoto, Marekani na Kenya, kwa sababu mpini wa mafuta na breki ya mbele viko kulia.

Na hiyo zigizaga si ya kila mahali. Kona, mvua, daraja jembamba, lami iliyoliwa pembeni, basi linalokuja huku limekula mstari: kidole kimoja juu, mstari mmoja, sekunde mbili kati ya kila mtu na mwenzake. Mkono ukiwa na kazi, kwa mfano kabla ya matuta, gusa breki mara mbili taa iwake. Usiachie usukani uonyeshe tuta ambalo tayari umelifikia.

Idadi. Pikipiki 20 zikipishana sekunde moja moja ni msururu wa mita zaidi ya 420 kwa kasi ya 80. Dereva wa basi hawezi kupita mita 420 kwa mkupuo, kwa hiyo atachomeka katikati yenu, na mtakuwa mmemlazimisha. Gaweni tano mpaka saba, kila kundi na kiongozi wake na mfunga mkia wake, waachane dakika tatu. Hizo ni kilomita nne. Hakuna atakayewaona kama jeshi, najua hilo ndilo linalowauma.

Kwenye makutano mko wabovu zaidi. Mau Summit, njia ya Eldoret na ya Kericho zinaachana, kiongozi anakunja tu na kupotea. Mtu wa kumi anajikuta Burnt Forest akitafuta msafara ulioshika Londiani. Dawa yake ni ya zamani: mzoefu aliye karibu na kiongozi, si yule mgeni wa nafasi ya pili, anasimama baada ya kona, nje ya lami, mahali anapoonekana, na haondoki mpaka mfunga mkia afike. Kisha anaingia mbele ya mfunga mkia, na makutano yajayo ni zamu ya mwingine. Hakuna haja ya kufunga raundiabauti kwa pikipiki mbili na filimbi. Klabu haina mamlaka ya kumsimamisha mwenye gari. Na zimeni hazadi mnapotembea. Indiketa zote zikiwaka pamoja, nani atajua unakunja wapi?

Saa za kuondoka sitaki hata kuanza. Mnatangaza saa kumi na mbili na nusu, mnatoka Nakuru saa nne baada ya picha. Mvua ya Kericho hupenda mchana kwenda jioni. Mnaikuta pale pale, na anayerudi kupitia Muhoroni anakutana gizani na trela za miwa zisizo na taa.

Jibu #2

Umegusa penyewe, ila ongeza mashine. Kila safari kuna wa kukaza cheni asubuhi ile ile mpaka imekuwa kama waya wa gitaa, halafu anapakia abiria na mzigo. Springi ikibonyea kwenye tuta cheni haina pa kwenda. Inakula beringi ya giaboksi na sproketi. Pikipiki nyingi za 150 zinataka mchezo, yaani ulegevu wa cheni, wa milimita 25 hadi 35. Someni kibandiko kwenye swingiamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kimeandikwa. Upepo wa tairi upimwe baridi, kabla ya kuwasha, si baada ya kilomita 30.

Mafuta: wengi hudhani 150 ndiyo ya kusubiriwa. 150 yenye tangi la lita 11 ikienda kilomita 40 kwa lita ina kilomita 440. Hiyo cc 1000 yako, mwenye injini kubwa, yenye tangi la lita 17 na kilomita 17 kwa lita haifiki 290. Vituo vipangwe kwa anayeishiwa mapema, na mara nyingi ni wewe mwenye makelele.

Mfunga mkia abebe: plagi za tyubulesi (tairi zisizo na tyubu) na pampu, tyubu moja, viungo vya cheni vya saizi 428 na 520, spana 10, 12, 14 na 17, fyuzi, glavu za mpira, bandeji pana. Akianguka mtu, wawili tu wabaki naye na mmoja arudi mita mia hivi akaonye magari. Wengine waende mbele waegeshe mbali. Helmeti haivuliwi kama anapumua. Pigeni 999 au 112, picha baadaye.

Jibu #3

Kiongozi mnamwonea. Tatizo ni wanachama wanaopitana wao kwa wao ndani ya msafara. Kiongozi atafanyaje akiwa na vioo viwili tu?

Mwenye uzi

Atafanya alichotakiwa kufanya kabla ya kuwasha: dakika kumi za maelezo, watu wamesimama, injini zimezimwa. Anayepita mwenzake ndani ya msafara anamaliza safari kituo kinachofuata. Anayetaka kwenda kasi yake anaaga na kwenda zake, hakuna ubaya. Bia ni baada ya funguo kuwekwa. Yasiposemwa, kila mtu anakuja na sheria yake.

Jumapili ni Kisumu kwenda Kakamega, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, yaani matuta, kona na boda kila hatua. Anayeongoza aandike hapa chini kabla ya Ijumaa: nani anafunga mkia, kasi ni ngapi, makundi mangapi, na vituo kwa majina. Msiniandikie "tutaonana mbele".