Mafundi wa reli wanaweza kujenga ndege? Tujadiliane

Mwana_Gare: Juzi kwenye matanga kule Kamalondo kijana mmoja alitangaza kwamba Lubumbashi yetu, mji wa Katanga huku Kongo, haitajenga ndege hata siku moja, sababu sisi ni watu wa reli na shaba. Nikanyamaza kwa heshima ya marehemu, lakini hapa sinyamazi. Gaston Fouga alifungua karakana yake Béziers, Ufaransa, mwaka 1920. Kazi? Kutengeneza mabehewa ya treni! Ndege zilianza 1936, nyingi za mbao, hata injini hazina. Castello na Mauboussin (ndio hizo herufi CM mnazoona kwenye majina ya ndege zake) wakaja kubandika injini ndogo ya jeti mgongoni mwa ndege ya mbao, na mkia wakaupanua kama V ili moto upite katikati. Kutoka hapo ikazaliwa ndege ya jeti Fouga Magister, ikaruka 23 Julai 1952. Sasa niambieni: atelie (karakana) zetu za reli zina nini pungufu?

Kipushi_Moja: Muzee, pungufu ni courant, umeme. Ikikatika saa nane, ndeke inabakia na bawa moja.

Mama_Ruashi: Ndugu Gare, umeruka mwisho wa hadithi. Mwaka 1958 Fouga ilimezwa na Potez, na ndege yake nzuri hivyo. Magister zilizojengwa zinapita 900, lakini ni kwa sababu jeshi la Ufaransa lilinunua za kufundishia marubani, na Wajerumani, Wafini na Waisraeli wakachukua leseni wajenge kwao. Kujenga ya kwanza si shida. Ya pili nani atanunua?

Yaya_Katuba: Magister si ile ya Wabelgiji ya wakati wa Tshombe, yule aliyeitenga Katanga na Kongo?

Mwana_Gare: Ya Wafaransa, yaya, nimeandika pale juu. Soma kwanza. Lakini ndiyo, ni hiyo hiyo. Zilifika tatu mwaka 1961, mwisho ikabakia moja tu, inatokea Kolwezi. Ndege ya shule, bunduki mbili puani na vibomu vidogo, na ONU (Umoja wa Mataifa) nzima ikakosa la kufanya! Kule Jadotville (Likasi ya leo) askari Wairlandi wa ONU walijificha kwenye mahandaki. Ile ndege yetu moja ilisimamisha dunia.

Mutoto_wa_Manono: Ndege "yetu"? Yetu na nani?

Mwana_Gare: Ya Katanga. Au Manono si Katanga?

Mutoto_wa_Manono: Manono ni Katanga mukitaka kura na madini. Mwaka 1961 tulikuwa Katanga ya kuchomewa nyumba. Sendwe na chama chake Balubakat, wapinzani wa Tshombe, walikuwa na ndege gani? Bibi yangu alilala miezi kwenye kambi ya wakimbizi ya ONU hapo hapo Elisabethville (ndiyo Lubumbashi hii), na walinzi wake ndio hao unaofurahi walirushiwa mabomu. Usiniambie "yetu".

Kipushi_Moja: Aïe. Muzee, omba musamaha tu.

Mwana_Gare: Niombe musamaha kwa kusifu mkia wa ndege? Mimi nilikuwa naongea ufundi. Marehemu baba alikuwa BCK, kampuni ya reli, hakubeba bunduki.

Mutoto_wa_Manono: Hakuna aliyemutaja baba yako. Umesema "yetu" mwenyewe.

Yaya_Katuba: Si ndiyo hiyo ilimwangusha Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU? Hata watoto wanajua.

Luano_Saa_Sita: Wanajua bongo, uongo mtupu. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Kolwezi mpaka pale ni kilomita mia nne na zaidi kidogo. Giza, ndege ya shule, utaipata ile DC-6 yake wapi angani?

Yaya_Katuba: Kwa nini basi kutoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) rubani alizunguka mbali hivyo, mpaka upande wa Ziwa Tanganyika? Alikuwa anaogopa nini, mbu?

Luano_Saa_Sita: Kuogopa si kupigwa.

Mama_Ruashi: Jaji Othman wa Tanzania, aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuchunguza ajali hiyo, aliandika 2017 kwamba shambulio au tishio kutoka nje linawezekana kuwa sababu. *Linawezekana.* Hakusema Fouga ndiyo iliua, wala hakuisafisha. Na swali langu la mnunuzi mmelikanyaga wote.

Yaya_Katuba: Mtanzania amesema inawezekana. Basi.

Luano_Saa_Sita: Yaya, "inawezekana" hata wewe kuolewa na rubani inawezekana.

Yaya_Katuba: Mimi ni mwanaume, mpumbavu weye. "Yaya" ni kaka. Umetoka wapi, Dar?

Luano_Saa_Sita: Nimezaliwa Kenya, avenue ya tatu kutoka soko!

Kipushi_Moja: Kenya gani, ya hapa ama ya Nairobi? 😂

Mutoto_wa_Manono: Mwana_Gare bado hajanijibu.

Mwana_Gare: Nafuta neno "yetu". Niandike "ya Tshombe". Imetosha?

Mutoto_wa_Manono: Kidogo.

Mwana_Gare: Asante. Kwa hiyo, atelie: ndiyo ao hapana?

Luano_Saa_Sita: Kwanza huyu Katuba aniambie, DC-6 na Fouga, gani inakimbia zaidi?